Dima inasumbua? Jua kwanza kama kosa ni la balbu, la waya au la swichi yenyewe kabla hujanunua nyingine

Dima, yaani ile swichi ya kuzungusha au kusogeza ili mwanga upungue au uongezeke, ikianza kusumbua watu wengi wanafanya kitu kimoja tu, wanaing'oa wanaweka mpya, alafu siku mbili baadae taa inapepesa vilevile. Mi mwenyewe nimefanya huo ujinga. Nilibadilisha dima ya sebuleni mara mbili, ya pili nikachukua ya bei kubwa nikiamini ile nyingine ilikuwa feki, kumbe muda wote mwenye makosa ni balbu, na ile dima ya kwanza kabisa niliyoitupa ilikuwa nzima kabisa. Tangu siku hiyo sing'oi kitu mpaka nijue mkosaji ni nani kati ya watatu: balbu, waya, au dima. Utaratibu ninaoutumia ndo huu.

Dima inafanyaje kazi, kwa ufupi tu

Wengi wanadhani dima inapunguza umeme kama unavyofunga bomba la maji kidogo kidogo. Za zamani sana ndo zilikuwa hivo, zile za kwenye kumbi za maigizo, ukinzani mkubwa unaokula umeme na kuutoa kama joto. Hizi za majumbani, tangu Joel Spira wa Marekani alipotengeneza dima ya kielektroniki mwaka 1959, zinafanya kitu kingine kabisa: zinakata na kurudisha umeme haraka haraka. Umeme wa nyumbani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, nchi nyingine mara 60, na kila mzunguko una nusu mbili, kwa hiyo kuna nusu 100 au 120 kila sekunde, na dima inamega kipande cha kila nusu. Ukishusha chini inamega kipande kikubwa, ukipandisha inamega kidogo. Jicho haliwahi kuona huo mchezo, linaona tu mwanga umepungua.

Ukishaelewa hapo, karibu matatizo yote yanajieleza. Balbu ya zamani yenye kawaya kanakowaka ndani haijali kumegewa umeme, maana waya ukishashika moto haupoi ndani ya kipande kidogo hivo cha sekunde. Lakini balbu ya LED ina ka-saketi kake ndani, mafundi wanakaita draiva, kenyewe ndo kanapokea umeme na kuugeuza uwe wa kufaa LED. Kama hakakutengenezwa kupokea umeme uliomegwa kanachanganyikiwa, na huko kuchanganyikiwa ndo unakokuona kama kupepesa, kuvuma, au taa kuzima ghafla ukishusha.

Alafu kuna dima za aina mbili. Moja inamega mwanzo wa wimbi la umeme, inatumia kifaa kinaitwa trayaki, ndo swichi ya kielektroniki inayofungulia na kukata umeme, ndo nyingi za zamani na za bei rahisi. Nyingine inamega mwisho wa wimbi, hii ni kimya zaidi na mara nyingi LED zinaelewana nayo vizuri zaidi. Kumbuka hayo maneno mawili, mwanzo na mwisho, tutayarudia wakati wa kununua.

Kabla hujashika bisibisi

Kuzima dima SIO kukata umeme. Laivu, yaani waya unaoleta umeme, bado iko pale nyuma inakusubiri, na zile dima za kugusa na za rimoti huwa zinapitisha umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa. Kwa hiyo unashusha breka ya saketi ya hiyo taa, na kama kuna watu wengine nyumbani waambie au bandika karatasi pale kwenye breka, usije ukawa umeshika waya mtu akaona giza akapandisha.

Breka ukishaishusha usiamini, pima. Chukua tester au mita, anza kupima sehemu ambayo unajua kabisa ina umeme, mfano soketi ya saketi nyingine, ili ujue tester yenyewe ni nzima. Alafu pima kwenye waya zote za dima. Alafu rudi tena kwenye ile soketi uhakikishe tester haijafa katikati ya kazi. Naona watu wanairuka hiyo ya tatu, lakini tester yenye betri inayoishia ikikaa kimya utasema hakuna umeme kumbe upo. Na kama boksi lina swichi mbili tatu pamoja pima zote, kuna wakati kila moja inalishwa na breka yake.

Rangi za waya pia usizitegemee. Kwenye mistari ya taa ni kawaida kukuta waya wa bluu au mweusi umetumika kurudisha laivu kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa, we unauona unasema huyu nyutro, yaani ule waya wa kurudisha umeme ambao kwa kawaida haupigi shoti, kumbe ana umeme kamili.

Kuna dalili ambazo hazihitaji uchunguzi, unazima breka na unaita fundi: harufu ya kuungua, plastiki iliyobadilika rangi au kuyeyuka, cheche, au breka inayotripu kila ukiwasha. Uvuguvugu ni kawaida, dima ikifanya kazi inatoa joto kidogo na uso wake unakuwa wa vuguvugu kwenye kiganja, lakini ikiwa ya moto mpaka unatoa mkono hilo ni tatizo. Na kama sheria za unapoishi zinasema kazi za umeme ni za fundi mwenye leseni tu, basi hatua za kuangalia na kubadilisha balbu fanya mwenyewe, za kufungua swichi mwachie yeye.

Hatua ya 1: toka kwenye hicho chumba

Ndio, anza nje ya chumba. Angalia taa za vyumba vingine, zile zisizo na dima. Zikiwa nazo zinapepesa, dima haina kosa, umeme unaoingia ndo unacheza au kuna muunganiko umelegea kwenye boksi la breka, na hiyo ni kazi ya fundi. Vilevile jiulize tatizo linatokea muda gani. Kama ni wakati wa jenereta au inveta tu, ujue inveta nyingi za bei rahisi hazitoi wimbi laini, zinatoa la ngazi ngazi, na dima inategemea umbo la wimbi kujua pa kumega. Hapo hata uweke dima ya dhahabu itapepesa tu. Na kama inapepesa pale tu friji au pampu inapowaka, mara moja alafu inatulia, hiyo ni volti kushuka kidogo, LED ikiwa imeshushwa chini inaonyesha hata mtikisiko mdogo.

Hatua ya 2: soma dalili vizuri

Usiseme tu "dima mbovu", sema inafanya nini hasa, maana kila dalili ina mwenyewe.

Haiwaki kabisa: inaweza kuwa breka, balbu, waya uliochomoka, au dima imekufa. Dima nyingine zina kafyuzi kadogo kwenye mwili wake, watu wanatupa dima nzima kwa sababu ya fyuzi.

Inawaka full tu, ukizungusha hakuna kinachobadilika: hii ndo dalili ya wazi kabisa ya dima iliyokufa, trayaki imepiga shoti kwa hiyo inapitisha kila kitu, haimegi tena. Mara nyingi hutokea baada ya balbu ya waya kuungua. Ule mwanga mkali "pah!" wa balbu inapokufa ni umeme mkubwa sana unapita kwa kitambo, na trayaki inaondoka nayo. Kwa hiyo kama balbu iliungua jana na leo taa haipungui, umeshapata jibu. Lakini hakikisha kwanza kwamba hukubadilisha balbu ukaweka LED isiyokubali dima, maana nyingine zinabaki na mwanga uleule sehemu kubwa ya mzunguko alafu zinazima ghafla.

Inapepesa, hasa ikiwa chini: asilimia kubwa ni balbu na dima haziendani, au mzigo, yaani jumla ya wati za balbu, ni mdogo mno. Ikipepesa hovyo hovyo bila mpangilio, hata ikiwa juu kabisa, na ukigonga ukuta kidogo inabadilika, fikiria waya uliolegea.

Inavuma: sikiliza sauti inatoka wapi, kwenye balbu au ukutani. Inayotoka ukutani kidogo sana ni kawaida, ndani kuna koili ya kuchuja umeme na inatetemeka. Inayotoka kwenye balbu ni draiva ya LED inalalamika, au waya wa balbu ya zamani unatetemeka. Kuvuma huwa kunazidi dima ikiwa katikati, maana hapo wimbi linakatwa pale lilipo juu kabisa.

Imezimwa lakini balbu inang'aa kama kimulimuli: ni ule umeme mdogo unaopita kwenye dima za kielektroniki, LED inahitaji kidogo sana kuwaka. Sio mzimu na sio hatari kubwa, dawa yake ipo chini.

Hatua ya 3: soma maandishi kwenye balbu na kwenye dima

Hii haihitaji kifaa chochote na inamaliza nusu ya kesi. Zima taa, acha balbu ipoe, itoe uisome. LED inayokubali dima huwa imeandikwa "dimmable" au ina alama ya dima. Isipoandikwa chochote chukulia haikubali. Ukikuta imeandikwa haikubali, kesi imeisha, badilisha balbu. Zile balbu za mirija iliyokunjwa nyingi hazikubali dima kabisa, na ukiilazimisha unaweza kuiua balbu na kuitesa dima. Pia usichanganye LED za aina tatu tofauti kwenye dima moja, kila draiva ina tabia yake, moja itazima mapema nyingine itabaki inapepesa.

Alafu piga hesabu ya wati. Dima ina kiwango cha chini na cha juu. Tuseme yako imeandikwa 60 mpaka 400W, hizo ni wati za balbu za zamani. Enzi hizo ulikuwa na balbu nne za 60W, jumla 240, iko katikati pazuri. Leo umeweka LED nne za 5W, jumla 20. Dima inatafuta angalau 60 haioni, trayaki inashindwa kushikilia, inaachia, inashika tena, inaachia, na hapo ndo kupepesa kunaanza. Kwa upande wa juu pia usidhani 400W maana yake unaweza kuweka LED za wati 400, draiva zinavuta umeme kwa mishtuko mikubwa, kwa hiyo kwa dima ya zamani inayomega mwanzo mafundi wengi wanahesabu sehemu moja ya kumi, yaani kama 40W za LED. Dima mpya zinaandika kiwango cha LED peke yake, fuata hicho.

Hatua ya 4: majaribio mawili yanayotoa hukumu

Hapa ndo penyewe, ukisahau vingine vyote shika hili.

Jaribio la kwanza, toa LED zote kwenye hiyo dima alafu weka balbu ya zamani ya waya au halojeni, 60W hivi au yoyote inayofikia kiwango cha chini cha dima, mradi isizidi wati zilizoandikwa kwenye kishikio cha taa. Mi nina moja kwenye droo, imefungwa kwenye soksi, haitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Washa, zungusha polepole toka chini mpaka juu. Ikipungua na kuongezeka laini bila kupepesa, dima yako ni NZIMA, waya ni wazima, tatizo ni LED au mzigo mdogo. Ukitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili, rudisha LED zote isipokuwa moja, mahali pa hiyo moja acha ile balbu ya waya. Zikitulia, ni mzigo tu ulikuwa mdogo. Zikiendelea kupepesa hata na mzigo upo, LED hizo haziendani na hiyo dima.

Kama hata balbu ya waya inapepesa, au inawaka full tu, au haiwaki, nenda jaribio la pili. Shusha breka, pima kama nilivyosema, toa dima, weka swichi ya kawaida kwa muda mahali pake, ile laivu na ile inayokwenda kwenye taa. Funga boksi kwanza ndo upandishe breka, usijaribishe na waya zinaning'inia. Taa ikiwaka vizuri bila kucheza, dima ndo imekufa, na umethibitisha kwa macho yako. Ikiendelea kupepesa na swichi ya kawaida, dima haina hatia, kuna muunganiko mbovu mahali, aidha pale swichini, au juu kwenye kishikio cha balbu, au njiani.

Watu wanauliza, si nipime tu dima kwa mita? Mita itakuambia kidogo sana. Ukipima dima ikiwa mezani bila umeme, trayaki nzima na iliyokatika zinaweza kukupa jibu lilelile, maana haifunguki mpaka ipate umeme. Ile iliyopiga shoti tu ndo inaonekana. Majaribio mawili ya juu yanakupa ukweli kwa muda mfupi zaidi.

Hatua ya 5: ukifungua, angalia nini

Breka chini, umeshapima, sasa toa uso wa dima, fungua skrubu mbili, ivute mbele taratibu. Piga picha KABLA hujagusa waya wowote, hii picha itakuokoa. Alafu vuta kila waya kidogo kwa vidole, usipochomoka usiridhike, angalia kwa karibu na tochi.

Nakumbuka moja iliyonisumbua jioni nzima, taa ilikuwa inapepesa ukifunga mlango kwa nguvu. Waya zote nikivuta zimekaza kweli kweli. Nilipoweka tochi pembeni nikaona skrubu ya mmoja imebana ganda la plastiki, sio shaba, shaba ilikuwa inagusa kwa ncha tu na pembeni plastiki imeanza kuwa ya kahawia kama ukoko wa wali. Ukivuta umekaza, ila umeme unapita kwenye kincha kama cha sindano. Nikakata kipande kilichoungua, nikamenya upya kama milimita 8, nikaingiza mpaka shaba yote imezama, nikakaza. Haijapepesa tena. Kwa hiyo angalia rangi, weusi au ukahawia, ganda lililobanwa, nyuzi za shaba zilizobaki nje, na skrubu inayozunguka bila kukaza.

Kama taa yako ina swichi mbili, mfano chini na juu ya ngazi, kanuni ni dima moja na swichi ya kawaida ya njia mbili upande wa pili. Dima mbili za kawaida kwenye taa moja zinagombana, labda ziwe zimetengenezwa kufanya kazi kama pea. Na ukiona dima inafanya kazi swichi nyingine ikiwa upande mmoja tu, basi waya wa katikati, ule wa tundu lililoandikwa COM au L, umewekwa tundu lisilo lake.

Ah, na kama kuna mtu alifunga feni kwenye dima ya taa, toa. Mota haipendi umeme uliomegwa hivo, inanguruma na kupata moto, feni ina rigyuleta yake.

Hatua ya 6: kurekebisha au kubadilisha

Dima nyingi mpya zina skrubu ndogo au kidude cha kuweka kiwango cha chini, kipo chini ya uso au pembeni. Shusha dima mpaka mwisho, alafu zungusha hicho kidude mpaka taa iache kupepesa, kisha zima, washa tena ikiwa bado chini kabisa. Ikiwaka bila kusitasita umemaliza, ikisitasita ongeza kidogo. Kama kidude hicho hakifikiki kutoka nje bila kugusa sehemu yenye waya, shusha breka kila unapokigusa, usijifanye mkono wako mwepesi.

Kwa balbu inayong'aa ikiwa imezimwa au mzigo mdogo, kuna kifaa kidogo kinachofungwa sambamba na taa, juu kule kwenye taa, kati ya laivu ya taa na nyutro, kinakula ule umeme mdogo. Watengenezaji wa dima wanauza cha kwao, chukua kinachoendana.

Ukinunua mpya kwa ajili ya LED za kawaida za volti ya nyumbani, anza na inayomega mwisho wa wimbi, au ile inayokuruhusu kuchagua. Taa za volti 12 angalia transfoma, kile kifaa cha kushusha volti: ile nzito ya koili inataka inayomega mwanzo, ile nyepesi ya kielektroniki kwa kawaida inataka inayomega mwisho. Ukikosea hapo unaweza kuua dima au transfoma. Angalia pia kina cha boksi, dima ni nene kuliko swichi, ukiisukuma kwa nguvu unabana waya. Na zikikaa dima mbili tatu uso mmoja kila moja inapoteza uwezo kwa sababu ya joto, maelekezo yake yatakwambia ni kiasi gani.

Kufunga ni kufuata ile picha, ila soma maandishi ya dima mpya maana matundu yanaweza kuwa yamepangwa tofauti. Laivu inayoingia kwenye L, ya kwenda kwenye taa kwenye alama ya wimbi au mshale, na waya wa ethi kwenye uso kama ni wa chuma, usiuache unaelea. Nyutro unaifunga tu kama dima inaitaka, dima nyingi za rimoti zinaitaka na maboksi mengi ya zamani hayana, angalia hilo kabla hujatoa pesa. Funga, pandisha breka, iache taa juu kabisa nusu saa, alafu weka kiganja kwenye uso wa dima uhisi joto. Ukimaliza chukua kipande cha tepu, andika aina na wati za balbu ulizoweka, kibandike ndani ya mlango wa boksi la breka, maana mwaka kesho balbu moja itakufa na mtu ataweka yoyote atakayoikuta.